Kokwa Saba

Jumamosi mashine ya kufulia ikaanza kusema.
Tik, tik-tik, tik,
nikadhani kifungo, nikadhani baisa za Mundhir,
nikaizima, nikatumbukiza mkono kwenye povu,
na mfukoni mwa kanzu ya Mama nikatoa
kokwa saba za tende
zimesuguliwa zikang'aa kama ushahidi.

Wiki tatu kabla, sista wa zahanati ya Mabela,
Mkerala, Kiarabu chake cha kuokoteza,
alichukua bahasha ya dawa akachora duara:
nusu, majani na mboga. Robo, wali. Robo, samaki au dengu.
"Tende tatu, mama. Thalatha. Basi."
Mama akaitazama ile duara
kama ramani ya nchi aliyofukuzwa.

Hakusema kitu mpaka kwenye taa za barabarani:
"Tumefundishwa tende tuzile witiri. Tatu, witiri.
Saba nayo si witiri?"

Tangu hapo nyumba yetu imekuwa mahakama.
Bahasha nimeibandika kwenye friji kwa sumaku ya benki.
Alfajiri nakwenda soko la Sib, narudi na nguru,
vipande viwili, wa mgongo na wa mkia,
fungu la jirjiri, bamia za Barka zingali na vumbi la shamba,
malimau makavu niyavunje mchuzini, chumvi ipungue.
Wali naupima kwa finjani ya kahawa.
Anauhesabu. Wallahi, punje anazihesabu.
"Shemsa, huu wali, au sadaka ya njiwa?"

Na wageni je?
Bi Ghaniya huja saa kumi na moja na bakuli la halua,
samli imeelea juu, zafarani, lozi,
na Mama anaweka mkono kifuani:
"Halua si sukari. Halua ni heshima.
Nani anayerudisha heshima ya watu jikoni?"
Nikamkatia kiasi cha ukucha wa kidole gumba.
Akaila polepole, macho kafumba,
nikaona haya,
mimi kumpimia utamu
mwanamke aliyenimenyea chungwa hadi siku niliyoolewa.

Basi kokwa sikuzisemea. Niliziweka tu
kwenye kisahani, pembeni ya chakula chake cha mchana.
Akazitazama. Akaitazama bahasha.
Kisha akanitazama mimi, nimesimama kama kawaida yangu,
nakwangua ukoko wa sufuria kwa mwiko,
mkono wa pili chai ya karaki, ya tatu tangu asubuhi.

"Kaa."
"Nimeshiba, Mama."
"Umeshiba nini? Mabaki ya Azani na shawarma ya jana usiku?
Arubaini na moja unayo. Nilipokuwa na umri wako
hapakuwa na mtu wa kunichorea duara.
Angenichorea, ningekula na bahasha yenyewe."

Akainuka, magoti yanalia, akaleta sahani ya pili,
akagawa kwa ncha ya kisu, nusu, robo, robo,
kama fundi anayekata kitambaa cha bei.
Mgongo wa nguru akanipa mimi. Yeye akabaki na mkia.

Tulikula kimya. Jirjiri ikatuwasha ulimi.
Joto la Juni limekaa mlangoni kama mdai,
kiyoyozi cha jirani kinakoroma.
Alipomaliza akavuta kikapu, akahesabu kwa sauti:
moja yangu. Moja yako. Moja yangu. Moja yako. Moja yangu.
Nikanyoosha mkono.
Akafunga kifuniko.
"Tatu zangu. Mbili zako. Wewe una karaki."

Jumamosi iliyofuata, kabla sijaiwasha mashine,
nikaupapasa mfuko wa kanzu.
Kokwa mbili.
Hata witiri si.